Mboji inanuka, asumini inakufa, na mavyaa ataka nitupe vyote

Umm_Asumini (Lamu)

Assalamu alaikum jamani, na wengine wote hamjambo. Naomba msaada kabla sijafukuzwa nyumba ya watu.

Nimeolewa Mkomani, nyumba ya kizamani ile ya mawe na chokaa, katikati kuna kiwanda kidogo, yaani ua wa ndani, hatua nne kwa sita, jua linaingia kama saa nne mpaka saa nane likishapita hapo ni kivuli tu. Baada ya Ramadhani nikajiambia hii nyumba inatoa taka nyingi mno, kila asubuhi ndoo imejaa mpaka inachuruzika, na siku moja napita jalalani nikamkuta punda anatafuna nailoni ya mkate, anaitafuna hasa kama majani, walahi roho iliniuma. Mifuko si ishapigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini nailoni za mkate, za maziwa, za viungo, zote zipo vilevile.

Basi nkaanza. Kwanza kapu la ukindu la kwendea sokoni, hilo halikuwa na shida. Pili nkachukua ndoo ya lita 20 ya rangi nkaiosha, nkaitoboa ubavuni, nkawa natia taka za jikoni nipate mboji. Tatu nkapanda kwenye madebe ya mafuta, asumini (hii ndio nnayoitaka hasa), nyanya, spinachi, maharage na pilipili. Na kwa vile maji ya bomba yaja siku yanapotaka, nkasema ntanyweshea maji ya kuoshea vyombo nisipoteze hata tone, na siku yakikosa nachota kisimani.

Sasa mwezi wa pili huu. Ndoo inanuka mpaka darini, ina funza, paka wa mtaa mzima wamehamia kwetu. Asumini majani yanaungua pembeni yawa kahawia, maharage yamekufa yote, juu ya udongo pameota kitu cheupe kama unga. Spinachi peke yake ndio hai. Mavyaa, mamake mume wangu, kaniambia "huu ndio usomi wenu?" na yeye mwenyewe hapo afagia kwa kifagio cha chelewa na aoga kwa kata, kisha takataka za jioni azimwaga baharini haoni shida! Nimekosea wapi?


kijana_wa_Langoni

Dada pole, ila hio habari ya paka nimecheka. Lamu kuweka ndoo ya matumbo ya samaki kiwandani ni kama kutangaza karamu msikitini.

Lakini nikwambie kweli, mimi nshaacha hayo mambo. Nilikuwa natenga, plastiki kando, taka za chakula kando, mkokoteni ukija yote yachanganywa pamoja yapelekwa jalala lilelile. Sasa natenga kwa ajili ya nani?


Mkulima_Kakuyuni (Malindi)

Waalaikum salaam Umm Asumini. Mie niko huku Kakuyuni nalima mihogo na mboga kidogo na mboji natengeneza mwaka wa tisa huu kwahivyo ntakusaidia hapo kwenye ndoo, ya asumini wapo wanaojua zaidi. Kabla sijasema niambie vitu viwili. Unatia nini humo, taja vyote usinifiche. Na chini ya ndoo umetoboa ama ni ubavuni pekee?


Umm_Asumini

Sikufichi kitu. Maganda ya viazi na ndizi, majani ya chai, machicha ya nazi (hayo ni kila siku, nyumba hii hakuna chakula bila nazi), matumbo na magamba ya samaki, wali uliolala, maganda ya ndimu. Chini sikutoboa nilihofia kuchafua sakafu.


Mkulima_Kakuyuni (Malindi)

Haya, hapo hapo.

Ulichonacho hapo sio mboji bado, ni mchuzi. Kila ulichotaja ni kibichi na kina maji, hakuna kikavu hata kimoja, na chini hakuna pa kutokea maji, kwahivyo hewa imekwisha mle ndani na kitu kikioza bila hewa ndio harufu ile. Mboji yenyewe ikiwa sawa haitoi harufu mbaya, ukiinusa yanuka kama ardhi mvua ya kwanza ilipopiga.

Fanya hivi. Mwaga yote, ndio yote, pole. Toboa chini matundu kama kumi ya msumari mkubwa, weka ndoo juu ya matofali mawili na sahani chini ya kukinga matone, sakafu ya watu itapona. Halafu kila ukitia kopo moja la taka mbichi funika na makopo mawili au matatu ya vitu vikavu. Vikavu ni nini, huko Lamu mbona mna mali. Maranda! Nyie mna mafundi wa milango na vitanda kila kona, maranda yamejaa chini yao wanayachoma ama wanatupa, nenda na gunia tu uchukue ila usichukue ya mbao zilizopakwa rangi au vanishi. Na makuti makuukuu ya paa yakishatolewa, yakatekate. Na maboksi yararue toa gundi na selotepu. Na mavi ya punda hayo sitaji maana mwayakanyaga. Mavi ya punda ndio moto wenyewe, fungu likiwa na ukubwa wa kutosha kiasi mita moja kila upande linapata joto mpaka ukitia mkono waurudisha haraka, kwenye ndoo halipati joto hilo kwa sababu ni dogo lakini bado yasaidia. Ila jua jambo moja, tumbo la punda haliui mbegu za nyasi kama la ng'ombe, ukiyatia mabichi moja kwa moja kwenye debe utavuna nyasi badala ya asumini. Yakae kwenye mboji kwanza.

Mboji uikamue kiganjani, ikitoka tone moja mawili ni sawa, ikichuruzika ongeza maranda, ikiwa haigandi nyunyiza maji. Igeuze kila wiki. Kwa joto letu miezi mitatu hivi utakuwa na kitu cheusi kizuri.

Sasa machicha. Machicha ni mabaya sana kwenye ndoo ndogo, yana mafuta, yachacha kwa siku moja, na panya ayapenda kuliko wewe. Mpe jirani mwenye kuku. Wali pia. Samaki kama una udongo chimba futi moja na nusu ufukie na uweke jiwe juu, kama huna udongo basi hilo si lako, wape hao paka wenyewe lakini mbali na nyumba.

Na wewe kijana wa Langoni. Wasema watenga kwa ajili ya nani. Mimi kwangu takataka zikishatolewa kile kibichi, kilichobaki hakinuki, kaa nacho hata mwezi, ni chupa na makaratasi makavu. Ndoo iliyokuwa ikitoka kila siku sasa inatoka mara moja kwa wiki mbili. Huyo wa mkokoteni achanganye atakavyo, la kuoza halimo tena.


mzee_wa_Shela

Binti yangu, mimi nitasema habari ya mai (maji), hizo za mboji mwenzangu ashamaliza.

Hilo jeupe yuu ya udongo ni munyu, yaani chumvi. Majani kuungua ncha na pembeni pia ni munyu. Umeutia mwenyewe mara mbili. Kwanza mai ya kisima, hapo mjini visima vingi vina munyu, yaonje kwa ulimi kabla hujampa mti. Mai matamu ya Amu yatoka huku kwetu kwenye mafungu ya mtanga (mchanga) ya Shela, mvua yanyesha yuu ya mtanga yashuka tini yakaa, na ndio maana wazee huku hupiga kelele mtu akitaka kujenga yuu ya mafungu ama kuchota mtanga. Pili, mai ya kuoshea zombo. Sabuni ya unga imejaa magadi, na munyu wa chakula na mafuta yumo pia. Mti katika debe hana pa kukimbilia, kila siku wamtilia na hapatoki kitu, mwisho wamuua kwa mkono wako.

Maharage ndio ya kwanza kufa kwa munyu, hayastahamili kabisa. Spinachi yastahamili ndio maana umeiona hai. Usishangae.

La kufanya. Mai ya kwanza ya sabuni na mafuta mwaga, usimpe mti. Mai ya kusuuza ya mwisho ndio mpe, na usiyalaze, yakilala yanuka. Usiyamwage yuu ya majani ya mboga za kuliwa mbichi, mwaga shinani. Na kama waweza osha kwa sabuni ya kipande kidogo badala ya unga. Kisha ule munyu ulioko uuoshe: debe litobolewe tini, umwagie mai matamu mengi kwa mara moja mpaka yatoke tini yatiririke, urudie. Masika ikinyesha toa madebe yote nje ya kivuli cha dari yapigwe na mvua, hiyo ndio dawa kuliko zote.

Na mvua yenyewe mbona mwaiacha ipite. Sakafu ya yuu ya nyumba yenu ikiwa mita 40 za mraba, mvua ya milimita 20 tu ni lita 800. Toa za kupotea, hukosi 600. Zamani kila nyumba ilikuwa na birika la kuwekea mai na misikiti ilikuwa na majabia, mabirika makubwa. Mai ya mwanzo ya mvua yaache yaoshe sakafu kwanza, mavi ya ndege na vumbi, ndipo ukinge. Na birika mutie visamaki vidogo vile vya kula viluwiluwi vya mbu, mamangu alikuwa navyo chooni, watoto tulikuwa tukiwapa majina.

Tena nunua mtungi wa udongo usiopakwa kitu, uuzike katika debe kubwa ubaki mdomo nje, uujaze, ufunike. Utavuja polepole shinani, wajaza baada ya siku tatu nne. Ukitilia mai ya munyu matundu yataziba, basi tia mai matamu tu.


BintMambrui

Mzee umenikumbusha visamaki vya birika jamani, sisi tulikuwa na mmoja tunamwita Sultani.

Umm Asumini mie naongeza ya jikoni. Umeanza na taka lakini makaa je? Kwetu tulikuwa tunamaliza gunia la makaa haraka ajabu kwa sababu ya mbaazi za asubuhi, zile za kula na mahamri, zachemka masaa. Nkaanza kutumia jikokapu. Ni kapu tu kubwa, ndani nimejaza vitambaa na blanketi kuukuu na mto juu. Mbaazi nalaza kwenye maji tangu mchana, usiku nachemsha zichemke hasa dakika ishirini sufuria imefunikwa, naitoa na mfuniko wake bila kufunua hata kidogo, naizika kapuni nalala. Alfajiri ni laini, nachemsha tena zitokote ndipo natia tui. Hapo pa kuchemsha tena usiparuke, chakula kilichokaa vuguvugu usiku kucha si cha kuaminiwa. Wali pia watoka vizuri ila ukitia maji kama ya jikoni utapata bokoboko, punguza kidogo kwa sababu hayakauki.

Niliwahi kufanya ujinga pia nikiri hapa. Nlikuwa nachoma nailoni uani na majani makavu, nikiona nimemaliza tatizo, siku moja mtoto wangu wa mwisho akapiga kikohozi usiku kucha dada yangu akaniuliza ule moshi wauona unaenda wapi. Sijachoma tena. Nailoni nazikunja nazishindilia ndani ya chupa kubwa ya maji mpaka iwe ngumu kama tofali, nnazo kumi na mbili sijui ntazifanyia nini bado lakini angalau haziruki kwa jirani.


salty_dhow

Chupa na madumu ya plastiki magumu usitupe Lamu, pale si ndio ilipoundwa ile Flipflopi, jahazi la plastiki tupu lililovikwa ndara kama elfu thelathini za kuokotwa ufukweni, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likaenda mpaka Zanzibar. Uliza mafundi wa vyombo watakuelekeza plastiki zapokelewa wapi siku hizi.

Na kwa mboji tia jivu la jikoni, jivu ni dawa ya kila kitu, babu yangu alikuwa anatia.


Mkulima_Kakuyuni (Malindi)

Hapo kwenye jivu ndugu yangu simama kidogo. Babu yako alilima wapi? Maana kama ni bara kwenye udongo mwekundu jivu ni zuri, lakini Lamu na ufuoni kwetu udongo ni wa matumbawe, chokaa tupu. Jivu ni chokaa juu ya chokaa. Utaona jani linakuwa njano na mishipa yake inabaki kijani, hapo mti unakosa chuma, chuma kimo ardhini lakini chokaa imekishika. Mie nliua mpapai hivyo nikilaumu mbegu. Kiganja kimoja cha jivu kwenye mboji mara moja moja ukiona wadudu sawa, zaidi ya hapo weka la kuoshea masufuria.

Na jengine nilisahau, makumbi ya nazi. Ni mazuri sana kufunika udongo usikauke, lakini usichukue yale ya wale wanaosokota kamba, yamelazwa kwenye matope ya bahari miezi, chumvi imeingia mpaka kwenye nyuzi. Chukua ya nazi unayofua mwenyewe nyumbani na bado yalaze kwenye maji matamu siku mbili umwage. Vivyo hivyo mwani, suuza kwanza.


kijana_wa_Langoni

Sawa sawa nimekubali ya kutoa kibichi. Ila swali, sisi wa chumba kimoja ghorofani tusio na kiwanda? Ndoo ya maranda chini ya kitanda?


BintMambrui

Kwani baraza huna? Ama paa? Usitafute visingizio bana. Anza na majani ya chai na maganda tu kwenye kopo la rangi la lita nne, maranda juu, ufunike na kitambaa. Na oga kwa ndoo na kata, lita ishirini zakutosha na za kuswakia, mtu akifungulia bomba la mvua dakika tano zishamtoka arobaini na bado hajajisugua mgongo.


Umm_Asumini

Jamani nimerudi, wiki ya nne leo tangu mnijibu. Samahani kukaa kimya nilikuwa nafanya kazi mlizonipa.

Nilimwaga ile ndoo, sitasahau maishani, nilifunga leso puani. Nimetoboa, nimeinua kwenye matofali, maranda nimepata magunia mawili bure kwa fundi mmoja hapa nyuma yetu na alifurahi kwa sababu alikuwa ashachoka kuyafagia. Siku tatu za kwanza harufu ilibaki nkakata tamaa, nkaongeza maranda, sasa hainuki kabisa. Paka wawili bado waja wanaikagua kisha waondoka wamenuna. Funza wamekwisha, kuna wadudu wengine wadogo weusi wenye kukimbia sijui ni nini lakini naona watafuna kazi.

Madebe nimeyaosha kwa maji matamu kama mzee alivyosema, mara mbili, yale meupe yamepungua sana. Nimeacha maji ya sabuni. Asumini majani ya zamani yale yaliyoungua hayakupona, nkayakata, lakini shinani kumechipua matawi mawili mapya, kijani safi hayana kovu. Maua bado. Mtungi nimeuzika kwenye debe la nyanya, wa kwanza ulipasuka kwa sababu niliugongea udongo kwa mchi (msifanye hivyo), wa pili umekaa. Maharage nimeachana nayo.

Sasa mavyaa. Sikumwambia kitu. Nilimuomba tu anifundishe kukinga mvua maana ile siku ilinyesha ya ghafla usiku, nikamwamsha. Kumbe juu ya sakafu kuna mfereji wa zamani wa chokaa umezibwa na takataka miaka na miaka, unashuka mpaka kwenye birika la chooni, yeye aujua alipokuja nyumba hii kama bibi harusi ulikuwa wafanya kazi. Tumeuzibua mimi na yeye na mume wangu ashika taa. Mvua ya pili birika lilijaa mpaka likamwaga. Jana nimemkuta amechukua maji humo anyweshea asumini yangu na hakunyweshea kidogo, alimwaga nusu ndoo, nikanyamaza.

Takataka za jioni bado azimwaga baharini, hilo sijalipatia dawa. Nimemwekea ndoo ya pili mlangoni, siku nyingine aiona siku nyingine haioni.

Mzee wa Shela visamaki vya birika vyapatikana wapi siku hizi?


mzee_wa_Shela

Njoo Shela na kopo lenye kifuniko, mimi ninavyo vingi vimezaana. Mfereji mupake chokaa upya kabla ya vuli, musitie saruji. Saruji haishikani na mawe yale, yapasuka, mai yaingia ukutani.


kijana_wa_Langoni

Machicha bado wayatoa? Nimenunua kuku wawili nawaweka juu ya paa.


Umm_Asumini

Umechelewa, jirani wa mkono wa kushoto ashayawahi na kila Ijumaa aniletea mayai mawili. Wali uliolala upo. Njoo na chombo chako.